Fleming, penisilini na dozi ya mbwa wako

Wiki hii naomba tuzungumzie mbwa na paka. Najua safu hii ni ya afya ya binadamu, na mimi ni daktari wa binadamu. Lakini katika nyumba nyingi mbwa, paka na sungura wa watoto wanaishi nasi ndani ya ua mmoja. Wakiugua, daktari wa mifugo mara nyingi huwaandikia antibiotiki za ukoo uleule wa zile tunazowaandikia watoto wetu. Hapo ndipo maswali huanza. Mzazi mmoja anauliza kama dawa ya mtoto iliyobaki kwenye jokofu inaweza kumfaa paka. Mwingine amepewa dawa ya mbwa ya siku saba, mbwa amechangamka siku ya tatu, na sasa anataka kutunza iliyobaki kwa ajili ya siku nyingine.

Majibu ya maswali hayo yamo katika maisha ya mtu ambaye wengi wetu tulilisoma jina lake shuleni: Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini. Shuleni tulifundishwa kisahani na ukungu, basi. Yaliyotangulia na yaliyofuata hayasimuliwi sana, na ndiyo yenye faida kwa mtu aliyeshika kidonge mkono mmoja na paka mkono mwingine.

Mtoto wa shambani

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, Scotland. Baba yake, Hugh, alikuwa mkulima na mfugaji. Alifariki Alexander akiwa na miaka saba tu, na mama yake, Grace, akabaki na shamba pamoja na malezi ya familia kubwa. Watoto walikwenda shule kwa miguu, wakakua kati ya mifugo, vijito na vilima. Fleming aliamini kwamba maisha yale ndiyo yaliyomzoesha kuangalia vitu kwa makini, hata vile ambavyo wengine huvipita.

Alipofikia umri wa miaka 13 hivi alikwenda London kuishi na ndugu zake. Alisoma masomo ya biashara, kisha akafanya kazi ya ukarani kwa miaka minne katika kampuni ya meli. Hakuipenda. Mjomba wake alipofariki na kumwachia urithi kidogo, aliutumia kusoma udaktari. Mwaka 1901 aliingia chuo cha hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington, na alihitimu mwaka 1906. Hakuondoka tena. Alijiunga na maabara ya Almroth Wright, bingwa wa chanjo wa wakati ule, na hapohapo St Mary's ndipo alipofanya kazi karibu maisha yake yote.

Vita vilivyomfundisha kuhusu dawa kali

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, Fleming alipelekwa Boulogne, Ufaransa, akiwa daktari wa jeshi. Waliletwa askari wenye majeraha yaliyojaa udongo, vipande vya nguo na usaha. Madaktari waliyamwagia majeraha hayo dawa kali za kuua vimelea, wakiamini kwamba dawa ikiwa kali zaidi ndivyo mgonjwa atakavyopona haraka.

Fleming alilipima jambo hilo maabara. Alionyesha kwamba katika jeraha lenye kina, dawa hizo hazikufika kwenye vishimo na kona walikojificha bakteria. Kile zilichoua vizuri ni chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo walinzi wa mwili. Mgonjwa alipoteza walinzi wake huku adui akibaki ndani.

Hilo ndilo somo la kwanza kwa mwenye mbwa au paka. Dawa haipimwi kwa ukali wake tu. Inapimwa kwa uwezo wake wa kumaliza kimelea bila kumuumiza mwenye mwili, na miili haifanani. Ini la paka, kwa mfano, halina uwezo wa kuvunja kemikali kadhaa ambazo ini la binadamu huzivunja bila shida. Ndiyo maana kidonge kimoja cha parasetamoli, ambacho mtu mzima hukimeza na kuendelea na kazi, kinaweza kumuua paka. Dawa za kusafishia sakafu zenye fenoli nazo ni sumu kwake. Ukimpaka kwenye kidonda zitapenya kwenye ngozi, na kingine atajilamba.

Makamasi, kisha ukungu

Baada ya vita Fleming alirudi maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa na mafua, aliweka makamasi yake mwenyewe kwenye kisahani cha bakteria. Aligundua kwamba makamasi yale yaliyeyusha baadhi ya bakteria. Kilichofanya kazi hiyo ni kimeng'enya alichokiita laisozaimu, ambacho kimo pia kwenye machozi, mate na ute mweupe wa yai. Ilikuwa kinga isiyomdhuru mwenyewe, lakini ilikuwa dhaifu mbele ya bakteria wanaoua watu. Hata hivyo Fleming alikuwa amejua kitu cha kutafuta: kinachoua bakteria na kuuacha mwili salama.

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure. Mwanzoni mwa Septemba 1928 Fleming alirudi kazini kutoka likizo na kukuta visahani vyake vya zamani vimerundikana mezani. Kimoja kilikuwa kimeota ukungu. Kuuzunguka ukungu ule bakteria aina ya stafilokokasi walikuwa wameyeyuka, na mbali nao walikuwa wazima. Mtu mwingine angekiosha kisahani kile. Fleming aliuchukua ukungu, akauotesha kwenye mchuzi wa maabara na kuyachuja maji yake. Machi 1929 aliyapa maji hayo jina la penisilini.

Sungura aliyepona na simbilisi wanaokufa

Swali lililofuata lilikuwa kama maji hayo yana sumu. Fleming alimchoma sungura mililita 20 kwenye mshipa. Sungura hakudhurika zaidi ya ambavyo angedhurika kwa mchuzi wa kawaida wa kuoteshea bakteria. Panya mdogo wa gramu 20 hivi alichomwa nusu mililita tumboni, naye hakuonyesha dalili mbaya. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1929.

Fleming alibahatika katika wanyama wale. Kama angemchagua simbilisi, yule mnyama mdogo wa manyoya asiye na mkia ambaye watoto hupenda kumfuga, huenda safari ya penisilini ingekwama mapema. Mwaka 1943 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba penisilini iliyowafaa binadamu iliwaua simbilisi. Sababu tunaijua leo. Utumbo wa simbilisi unategemea bakteria wema ambao penisilini huwafagia. Wakishaondoka, bakteria wengine wenye sumu huchukua nafasi yao na mnyama hufa kwa kuhara.

Sungura naye yumo katika hatari hiyo, ingawa wa Fleming alipona. Yule alichomwa sindano. Sungura akinyweshwa amoksilini au penisilini kwa mdomo, dawa hupita moja kwa moja kwenye utumbo wake na inaweza kumuua kwa njia ileile. Kwa hiyo mnyama ni yuleyule na dawa ni ya ukoo uleule, lakini njia ya kuitoa inaamua kama ataishi. Kama watoto wako wana sungura au simbilisi, usimpe kabisa dawa ya maji ya mtoto, hata tone.

Kwa mbwa na paka, amoksilini ni dawa ambayo madaktari wa mifugo huitumia sana na kwa usalama. Lakini zipo antibiotiki zenye masharti yake kwa kila mnyama. Kidonge cha doksisaiklini kinaweza kukwama kwenye umio wa paka, kikamchoma na kumwachia kovu linalomzuia kumeza. Enrofloksasini ikizidishwa inaweza kumpofusha paka. Metronidazo, ambayo wengi wetu tunaijua kwa matatizo ya tumbo, ikimzidi mbwa humfanya ayumbe na hata kupata degedege. Daktari wa mifugo anayajua haya anapoandika dozi. Jirani aliyekushauri dukani huenda hayajui.

Polisi aliyeishiwa dawa

Fleming hakuweza kuisafisha penisilini. Ilikuwa kidogo na ilikuwa ikiharibika upesi. Kwa karibu miaka 10 ilibaki kuwa kitu cha maabara. Kazi hiyo ilifanywa Oxford na kundi la Howard Florey na Ernst Chain. Tarehe 25 Mei 1940 waliwachoma panya wanane bakteria wa kutosha kuwaua. Wanne wakapewa penisilini, wawili kati yao mara moja na wawili kwa kurudiarudia. Wanne wengine hawakupewa kitu. Kulipokucha, wale wasiopewa dawa walikuwa wamekufa na waliopewa walikuwa hai.

Februari 1941 dawa ilifika kwa mgonjwa wa kwanza aliyekuwa mahututi kwa maambukizi: Albert Alexander, polisi wa miaka 43. Usaha ulikuwa umemwenea usoni na jicho moja lilikuwa limetolewa. Alichomwa penisilini kwa saa zilizopangwa. Homa ilishuka, akaanza kula, na kila mmoja wodini akaona kwamba anapona. Lakini penisilini ni dawa inayotoka haraka kwa njia ya mkojo. Madaktari walikuwa na dawa kidogo kiasi kwamba waliukusanya mkojo wake, wakaupeleka maabara kwa baiskeli, wakaitoa penisilini iliyomo na kumchoma tena. Baada ya siku chache haikuwapo ya kutosha. Bakteria waliobaki wakarudi kwa nguvu, na tarehe 15 Machi alifariki.

Kila mzazi anayekaa na kidonge cha siku ya nne akifikiri kukiacha kwa sababu mbwa amechangamka, amkumbuke polisi huyu. Kuonekana mzima siyo kupona. Dalili hupungua bakteria wanapopungua, kabla hawajaisha. Tofauti ni kwamba polisi yule aliishiwa dawa wakati kila mtu alitamani iwepo. Sisi tunayo kwenye pakiti, tunaiacha wenyewe. Ni daktari wa mifugo anayepaswa kuamua siku ngapi zinatosha. Kwa ugonjwa mmoja ni siku tano, kwa mwingine wiki kadhaa. Ukiona nafuu mapema, mpigie umuulize, usijiamulie.

Hapa pia panajibu swali la saa. Kwa kuwa dawa hutoka mwilini, kila dozi inakuja kushika nafasi ya iliyotangulia. Ukisoma 1x2 kwenye pakiti, maana yake ni kila baada ya saa 12, kwa mfano saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Ukitoa asubuhi na mchana kwa sababu jioni una shughuli, mnyama atalala usiku mzima bila kinga huku mchana akiwa na dawa nyingi kupita ilivyopangwa.

Baada ya kifo kile, kundi la Oxford liliamua kwamba wagonjwa wengi watakaofuata wawe watoto. Sababu yao ilikuwa rahisi: mwili mdogo unahitaji dawa kidogo, kwa hiyo ile waliyokuwa nayo ingetosha hadi mwisho. Dozi hufuata uzito. Paka wa kilo 4 hawezi kupewa sawa na mbwa wa kilo 30, na wote wawili hawawezi kupewa kapsuli ya mtu mzima kwa kukadiria nusu au robo. Ukienda kwa daktari wa mifugo, nenda ukijua uzito wa mnyama wako. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha upande peke yako. Ukipata kilo 62 na kisha 58, paka wako ana kilo 4.

Mgunduzi anaomba maelekezo

Mwaka 1942 rafiki wa familia ya Fleming aliletwa St Mary's akiwa na homa ya uti wa mgongo. Alikuwa anakufa. Fleming hakuwa na penisilini safi, ingawa yeye ndiye aliyeigundua. Alimwomba Florey, na Florey akampatia dawa pamoja na maelekezo ya namna ya kuitumia. Sindano za kawaida hazikutosha kwa sababu dawa haikufika vizuri kwenye maji ya uti wa mgongo, hivyo Fleming akaichoma moja kwa moja huko. Mgonjwa alipona.

Napenda sana kipande hiki cha maisha yake. Mtu aliyeipa dawa jina hakuona haya kuomba maelekezo kwa aliyejua zaidi kuhusu matumizi yake. Mimi nimesomea binadamu. Mzazi akiniletea swali la dozi ya mbwa, jibu langu ni namba ya simu ya daktari wa mifugo.

Onyo la mwaka 1945

Wakati vita ya pili inakaribia kuisha, viwanda vya Marekani na Uingereza vilikuwa vinatengeneza penisilini kwa wingi. Muda si mrefu ikaanza kutumika hata kwa ng'ombe wenye ugonjwa wa kiwele. Fleming alipewa heshima ya Sir mwaka 1944. Desemba 1945 alipokea Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Florey na Chain.

Katika hotuba yake ya Nobel angeweza kujisifu tu. Badala yake alitumia sehemu ya mwisho kuonya. Alieleza kwamba ni rahisi kuwafanya bakteria wawe sugu maabara: unawapa penisilini isiyotosha kuwaua. Kisha akatoa mfano wa kubuni. Mume ana maumivu ya koo, ananunua penisilini mwenyewe na kutumia kidogo. Bakteria hawafi, bali wanajifunza kuikabili dawa. Anamwambukiza mkewe, mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini na dawa inashindwa. Mke anakufa. Fleming aliuliza nani mwenye lawama, na jibu lake lilikuwa mume aliyecheza na dawa.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 1947 kwamba penisilini isitolewe bila agizo la daktari, daktari wa meno au daktari wa mifugo. Hata hivyo, kabla miaka ya 1940 haijaisha, hospitali za London zilikuwa tayari zinapata wagonjwa wengi wenye stafilokokasi wasiosikia penisilini.

Sasa mtoe mume yule kwenye mfano, umweke mbwa. Mbwa ana kidonda, tunampa robo ya dozi kwa siku mbili. Bakteria wa ngozi yake wanazoea dawa. Mtoto anamkumbatia, analambwa usoni, anagusa manyoya kisha anakula bila kunawa. Bakteria kama stafilokokasi huhama kati ya wanyama na watu wanaoishi pamoja, na wakihama wanakwenda na usugu wao. Mtoto akija kuugua, mimi ndiye nitakayeandika dawa isiyofanya kazi. Ndiyo sababu daktari wa binadamu anaandika kuhusu mbwa.

Miaka ya mwisho

Fleming alimpoteza mke wake wa kwanza, Sarah, aliyekuwa muuguzi, mwaka 1949. Mwana wao, Robert, alikuwa daktari kama baba. Mwaka 1953 alimwoa Amalia, daktari wa Ugiriki. Alifariki London kwa mshtuko wa moyo tarehe 11 Machi 1955, na majivu yake yamezikwa katika kanisa kuu la St Paul's. Huko Madrid, nje ya uwanja wa mapambano ya mafahali, ipo sanamu yake iliyowekwa kwa shukrani za wapiganaji ambao zamani walikuwa wakifa kwa usaha wa majeraha ya pembe.

Ukishakabidhiwa dawa

Tuje nyumbani. Umetoka kwa daktari wa mifugo na una pakiti mkononi. Kabla ya kuondoka hakikisha umejua mambo matano: jina la dawa, kiasi cha kila mara, kila baada ya saa ngapi, kwa siku ngapi, na kama itolewe na chakula au tumbo likiwa tupu. Mwambie dawa nyingine anazotumia mnyama, kama ana mimba au ananyonyesha, na kama aliwahi kudhurika na dawa yoyote. Kama wewe au mtoto wako ana mzio wa penisilini, sema pia. Utavaa glavu unapoishika, au mtu mwingine ataitoa.

Kwa mbwa, njia rahisi ni kuficha kidonge ndani ya kipande kidogo cha nyama au tonge la ugali lenye mchuzi. Mpe kwanza tonge tupu, kisha lenye dawa, kisha tupu tena. Mwangalie mpaka ameze. Usifiche dawa ndani ya maziwa bila kuuliza, maana maziwa hupunguza nguvu ya baadhi ya antibiotiki.

Kwa paka, mfunge kwa khanga au taulo kichwa kikibaki nje, ili kucha zisikufikie. Inua kichwa kidogo, fungua mdomo kwa kidole kwenye meno madogo ya mbele ya chini, weka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo na umsugue koo taratibu. Kisha mpe maji kidogo, mililita 5 hivi, kwa bomba lisilo na sindano, au chakula laini, ili kidonge kishuke. Hili ni la lazima kwa doksisaiklini.

Dawa ya maji itikise kwanza. Ipime kwa bomba, siyo kijiko cha jikoni, kwa sababu vijiko havilingani. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, kati ya shavu na meno, na usukume polepole. Usimwinue kichwa sana wala kummiminia kwa nguvu, dawa inaweza kuingia kwenye mapafu. Dawa ya unga iliyochanganywa na maji ina tarehe yake ya kutupwa, na nyingi huhitaji jokofu. Andika juu ya chupa siku uliyoichanganya.

Usivunje kidonge wala kufungua kapsuli bila kuambiwa. Usimpe mbwa dawa tamu ya maji ya watoto, kwani baadhi zina sukari mbadala iitwayo zailitoli, ambayo hushusha sukari ya mbwa kwa ghafla na inaweza kumuua. Ukisahau dozi, mpe unapokumbuka. Kama ya pili imekaribia, ruka uliyoisahau na usiongeze mara mbili. Akitapika mara baada ya kumeza, piga simu kabla ya kurudia.

Mrudishe haraka kwa daktari akivimba uso, akipata vipele, akipumua kwa shida, akiyumba, akiharisha sana au kutapika, au akikataa kula kabisa. Kama baada ya siku mbili au tatu hakuna nafuu yoyote, toa taarifa, usibadilishe dawa mwenyewe. Na kama dawa ni ya kuku wa mayai au mbuzi wa maziwa, uliza ni siku ngapi msile wala kunywa vitu vyao.

Mtoto asipewe kazi ya kumnywesha mnyama dawa. Mnyama anayeumwa hung'ata hata rafiki yake. Uking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetoa mate mengi au anayeshindwa kumeza, usimfungue mdomo kabisa. Hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa, na hakuna antibiotiki inayokitibu. Kinachoweza kumwokoa mtu ni kuosha jeraha na kupata chanjo mapema.

Mwisho, fungua jokofu na kabati la dawa leo. Kama kuna chupa ya antibiotiki ya mtoto iliyobaki, au vidonge vya mbwa wa mwaka jana, visisubiri mgonjwa mwingine. Virudishe kwenye duka la dawa au zahanati wakusaidie kuviharibu.